Mbwa wa mwaloni, mtoto aliyeng'atwa na sumu inayochangiwa

*"Daktari, shikamoo. Ninaishi Igombe na kazi yangu ni kuanika na kuuza dagaa. Karibu na ninapoanikia kuna mbwa jike asiye na mwenyewe ambaye amezalia chini ya mtumbwi mbovu. Ana watoto watano. Nimekuwa nikimpa makoko ya ugali na vichwa vya samaki, na siku hizi mbwa wengine watatu au wanne huja kula pamoja naye. Wiki tatu zilizopita mtoto wa jirani yangu, mwenye miaka saba, aling'atwa na mbwa kwenye shavu la mguu wakati wa jioni. Majirani wanasema ni huyu jike. Mtoto mwenyewe anasema ni mbwa mwekundu aliyekuwa akipita, na mbwa huyo hajaonekana tena. Kidonda kilipakwa chumvi, kikawekwa jiwe jeusi, kikapona. Sasa wanawake wenzangu wanachanga fedha za kununua sumu, na nimeambiwa kwamba nikikataa kuchanga nitakuwa nimeonyesha kuwa nawapenda mbwa kuliko watoto wa watu. Mimi nina watoto pia, na ni mtu wa dini. Siwezi kutia sumu kwenye chakula na kumpa kiumbe aliyeuzoea mkono wangu. Je, huruma yangu ni upumbavu? Nifanye nini?"*

Marahaba, dada yangu, na pole kwa kubebeshwa neno zito namna hiyo mbele ya wenzako. Mimi ni daktari wa mifugo, na kwa miaka mingi nimefanya kazi katika mialo ya Ziwa Victoria, yaani fukwe ambako mitumbwi hushusha samaki, kwa hiyo hali unayoieleza naijua vizuri. Umeniuliza kuhusu mbwa na kuhusu moyo wako, na yote mawili nitayajibu, lakini naomba uniruhusu nianze na mtoto, kwa sababu katika barua yako yote hakuna kilichonishtua kuliko sentensi moja fupi: kwamba kidonda kilipakwa chumvi, kikawekwa jiwe jeusi, kikapona.

Kupona kwa kidonda hakutuambii lolote kuhusu kichaa cha mbwa. Virusi vya ugonjwa huu hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa, na vikishapita kwenye ngozi iliyopasuka havisafiri kwa njia ya damu kama watu wengi wanavyodhani. Huingia katika misuli, kisha hushika mishipa ya fahamu na kupanda nayo polepole kuelekea kwenye uti wa mgongo na ubongo. Wakati wote huo mtu huwa mzima kabisa: anakula, anacheza, kidonda kinafunga na kubaki kovu tu. Kwa kawaida safari hiyo huchukua miezi miwili au mitatu, ingawa inaweza kuwa fupi ya wiki moja au ndefu ya mwaka mzima, na aliyeng'atwa usoni au mkononi huwa na muda mfupi zaidi kuliko aliyeng'atwa mguuni. Virusi vikishafika kwenye ubongo na dalili zikaanza, yaani homa, mwasho mahali palipong'atwa, mahangaiko, koo kukaza mgonjwa anapoletewa maji, hakuna tiba ya uhakika. Karibu wote hufa. Lakini kabla ya hapo, katika kipindi kile cha ukimya, chanjo inaweza kuuandaa mwili uvikamate virusi vikiwa bado njiani. Ndiyo maana wiki tatu si kuchelewa. Mtoto huyo apelekwe hospitali leo, si kesho, na waelezwe wazi kwamba aling'atwa na mbwa ambaye hajulikani na hajaonekana tena. Kama kituo cha afya cha karibu hakina chanjo, waombe waelekezwe ilipo, ikibidi hadi hospitali ya rufaa ya mkoa au hospitali ya Bugando jijini Mwanza. Sindano ya pepopunda, kama alichomwa, si chanjo ya kichaa cha mbwa, ingawa wazazi wengi huzichanganya mbili hizo na kurudi nyumbani wakiwa na amani isiyo na msingi.

Chumvi, pilipili, manyoya ya mbwa aliyeng'ata na lile jiwe jeusi havina uwezo wowote juu ya virusi hivi. Simlaumu aliyevitumia, maana alifanya alilofundishwa. Chenye nguvu ni kitu ambacho kila nyumba ya Igombe inacho: maji na sabuni ya mche. Virusi vya kichaa vimevikwa utando wa mafuta, na sabuni huuyeyusha utando huo. Kuosha kidonda papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili hupunguza sana hatari, kisha ndipo safari ya hospitali ianze. Dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani unapokuwa na mtoto anayelia, na kwa sababu hiyo nasema zihesabiwe kwa saa. Kwa mtoto huyu nafasi hiyo imekwisha kupita, lakini wafundishe wenzako kwa ajili ya siku nyingine.

Sasa tuje kwa jike wako. Umesema kwamba wiki tatu zimepita na bado unamwona kila siku, anakula na ananyonyesha. Hilo ni jambo kubwa kuliko unavyofikiri. Mbwa huwa na virusi katika mate yake kwa siku chache tu kabla ya dalili kuonekana na katika siku za ugonjwa wenyewe, na akishaanza kuugua hufa haraka. Kwa hiyo kanuni tunayoitumia duniani kote ni hii: mbwa aliyeng'ata mtu, kama bado yu hai na mzima baada ya siku 10, hakuwa na virusi katika mate yake siku aliyong'ata. Laiti ingekuwa kweli kwamba aliyemng'ata mtoto ni jike huyo! Ingekuwa ndiyo habari njema kuliko zote ambazo mama wa mtoto angeweza kupewa. Kinachonitia hofu ni yule mbwa mwekundu aliyepita jioni, akang'ata bila kuchokozwa, akatoweka. Na tafakari jambo moja zaidi: kama majirani wangemwua jike katika ile wiki ya kwanza, leo tusingekuwa na njia yoyote ya kujua lolote kumhusu, na pengine wote mngetulia mkiamini kwamba hatari imezikwa pamoja naye, huku mtoto akiendelea kuhesabiwa siku.

Hapo ndipo ninapotaka kulijibu swali lako la kwanza. Huruma yako si upumbavu, na wala haigombani na uhai wa watoto. Wanaokuambia uchague kati ya mbwa na mtoto wamekupa mizani ya uongo, kwa sababu katika ugonjwa huu ukuta unaomlinda mtoto hujengwa ndani ya mwili wa mbwa. Karibu vifo vyote vya watu kutokana na kichaa hutokana na kung'atwa na mbwa. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na watoto ni sehemu kubwa ya wanaong'atwa. Ukimchanja mbwa, umeziba mlango wenyewe ambao virusi hupitia. Gharama ya chanjo ya mbwa mmoja ni ndogo mno ukiilinganisha na sindano za mtu mmoja aliyeng'atwa, ukiacha nauli na siku za kazi zilizopotea.

Nieleze kwa nini sumu haifanyi kazi hiyo, maana najua wenzako hawaitaki kwa ukatili. Wanaitaka kwa hofu, na hofu yao ni ya haki.

Fikiria sumu inavyoliwa. Chakula kinatupwa usiku mwaloni, na anayekifuata kwanza ni mbwa aliyezoea watu, anayejua kwamba mkono wa binadamu hutoa chakula: jike wako, mbwa wa mlinzi wa mitumbwi, mbwa wa nyumba ya tatu kutoka kwako ambaye mwenyewe alimpeleka kuchanjwa mwaka jana. Mbwa wa porini mwenye wasiwasi hukinusa na kukiacha. Na mbwa mwenye kichaa, yule hasa mnayemtafuta? Ugonjwa hupooza misuli ya koo na taya, na mara nyingi hawezi kumeza hata mate yake mwenyewe. Ndiyo sababu yanamchuruzika. Huyo atakipita chakula chenu cha sumu kama jiwe la njiani na kwenda kung'ata. Niliwahi kuitwa asubuhi katika mwalo mmoja baada ya usiku wa namna hiyo. Tulihesabu mbwa tisa mchangani, na wanne kati yao nilikuwa nimewachanja kwa mkono wangu miezi michache nyuma. Wawili bado walikuwa na utepe shingoni tuliowafunga siku ya chanjo. Kando yao alikuwapo mwewe na beberu wa mtu. Sijasahau namna watoto waliokuwa wakienda shule walivyosimama kutazama, na jinsi hakuna mtu mzima aliyewaondoa.

Kisha nafasi iliyoachwa haikai wazi. Mbwa hupungua au kuongezeka kulingana na chakula kilichopo, na mwaloni chakula kipo: matumbo ya samaki, dagaa waliomwagika, taka za migahawa. Jike hubeba mimba kwa siku 63 hivi na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, na wengine huhamia kutoka mitaa ya jirani. Baada ya muda si mrefu mtakuwa na idadi ileile, ila sasa ni wachanga, wageni, wasiochanjwa, na wasiojua watu. Wenzetu wa kisiwa cha Flores nchini Indonesia waliuona ukweli huu kwa uchungu: kichaa kilipoingia huko mwaka 1997 waliua mbwa kwa wingi sana, na ugonjwa ukaendelea. Katika kisiwa cha Bali nako, kilipoingia mwaka 2008, walianza kwa kuua, hali ikazidi kuenea, na ilipofanyika chanjo ya kisiwa kizima ndipo wagonjwa walipopungua. Hapa kwetu, Pemba ilionyesha kwamba chanjo ya mbwa ikirudiwa kwa uvumilivu inaweza kuufuta kabisa ugonjwa katika kisiwa.

Siri ya chanjo ni hesabu ndogo. Mbwa mmoja mwenye kichaa, kwa wastani, huambukiza wengine wachache tu, mara nyingi hata hawazidi wawili. Kwa hiyo si lazima kumfikia kila mbwa. Wakichanjwa asilimia 70, yaani 7 katika kila 10, mbwa mgonjwa akiingia hukutana zaidi na miili iliyokwisha kujikinga, na mnyororo unakatika. Mbwa wachache wanaokuzunguka wewe, wakichanjwa wote, wanakuwa sehemu ya hao saba. Wakifa kwa sumu, mwaloni wenu unarudi kwenye sifuri.

Lipo pia suala la mahali penyewe. Nyinyi mnaanika chakula. Sumu ya wadudu wa mashambani, ambayo ndiyo watu huinunua kwa kazi hii, haichagui: inabebwa na mvua hadi majini, inaliwa na kenge anayetoka kwenye mawe kutafuta matumbo ya samaki, na mzoga wenye sumu unaliwa na korongo na mwewe ambao kila siku hutusafishia uchafu bila malipo. Itakanyagwa na miguu ya watoto na kufika kwenye dagaa. Wazee wa mwaloni waulizwe kuhusu mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki kutoka Tanzania, Kenya na Uganda kwa sababu ya watu waliovua kwa sumu. Watu wengi wa ziwa hili walikosa kipato kwa kosa la wachache. Sitaki kuamini kwamba tumekwisha kusahau.

Nimesema mengi upande wako. Sasa sina budi kukueleza pale ulipokosea, kwa sababu umeniandikia kutafuta ukweli. Kumpa chakula mbwa jike kando ya mahali watu wanapofanyia kazi, bila kumchanja, huku kundi likikua, ni huruma iliyoishia nusu ya safari. Umewakusanya mbwa wanne au watano mahali ambapo watoto hukimbia, na mbwa wanaogombea chakula hung'atana na kung'ata. Jike anayenyonyesha, hata awe mpole vipi, atamrukia mtoto atakayeinama chini ya ule mtumbwi kuchukua kitoto. Hiyo si kichaa, ni umama, lakini jino ni jino. Na baada ya miezi sita watoto wale watano watakuwa mbwa wazima, wawili au watatu kati yao majike. Jirani yako aliyekasirika anaona haya yote. Mwenye mtoto aliyeng'atwa anastahili huruma kabla ya mimi na wewe kuanza kumfundisha, na ningependa umwendee yeye kwanza, mikono mitupu, umwambie: tumpeleke mtoto, nitafuatana nawe. Usiende na hoja kuhusu mbwa. Hoja zitasikilizwa baadaye, au pengine hazitahitajika.

Kuhusu mbwa wenyewe, haya ndiyo ningeyafanya kama ningekuwa mahali pako. Ningehamisha sehemu ya kulishia leo hii, mbali na wanakoanikia watu na wanakopita watoto, na ningetoa chakula kwa saa moja maalumu, kiasi kinacholiwa chote, bila mabaki. Ningekwenda kwa ofisa mifugo wa kata, nikiwa na mwenyekiti wa mtaa kama anakubali, na kuomba chanjo kwa ajili ya mbwa wote wa mwalo, wenye wenyewe na wasio na wenyewe. Usisubiri kampeni, ingawa halmashauri nyingi huzifanya karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Chanjo haimdhuru jike anayenyonyesha, na vitoto navyo huchanjwa. Kumbuka tu kwamba kinga huchukua takriban wiki tatu hadi nne kujengeka, kwa hiyo chanjo ya leo si ruhusa ya uzembe wa kesho. Faida ya kulisha ambayo wenzako hawajaiona ni kwamba jike wako anakaribiwa na kushikika. Mbwa anayemkimbia kila mtu ni vigumu sana kumchanja. Mkono wako anaouamini ndio utakaomshika siku hiyo. Hapo ndipo chakula ulichompa kitakuwa kimelipa.

Kumfunga kizazi ni jambo jema zaidi kwa muda mrefu, na ni lazima niseme kwa uaminifu kwamba ni gharama na hakupatikani kila mahali. Anahitajika daktari wa mifugo mwenye vifaa, na ni vyema kusubiri vitoto viache kunyonya, wiki nane hivi baada ya kuzaliwa. Ikishindikana mwaka huu, chanjo isisubiri. Dume kuhasiwa ni rahisi zaidi, lakini dume mmoja asiyehasiwa anatosha kuwapa mimba majike wote wa mwalo, kwa hiyo mwenye fedha za mnyama mmoja tu na aanze na jike. Vitoto vitafutiwe wenyewe mapema, kwa watu wanaohitaji mlinzi na watakaoahidi kuchanja. Kuna watu watakushauri uwapakie kwenye gunia na kuwaacha mbali, Kisesa au popote, usikubali. Huko ni kumtupia mtu mwingine tatizo, na vitoto vingi hufa kwa njaa.

Jambo lingine halionekani kuwa la mbwa kabisa, na kwangu mimi ndilo lenye uzito kuliko yote: anikeni juu ya vichanja. Dagaa wanaoanikwa mchangani hula mchanga, hukanyagwa, huvuta mbwa, bata na mbuzi, na bei yake ni ya chini. Kichanja cha nguzo na wavu, chenye kimo cha kiuno, huwaweka dagaa juu ya mdomo wa mbwa, hewa hupita chini, hukauka haraka na huuzwa kama chakula cha watu badala ya chakula cha kuku. Fedha mnazochangia sumu zingenunua wavu. Na BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha mwalo wenu, iombwe kupanga shimo la matumbo ya samaki linalofukiwa kila jioni, kwa maana idadi ya mbwa katika mwalo wowote huamuliwa na taka za mwalo huo. Penye chakula kidogo cha kuokota, hubaki mbwa wachache wenye wenyewe, nao hao ndio mnaoweza kuwachanja wote.

Umetaja dini yako bila kusema ni ipi, na si juu yangu kukuhubiria. Baadhi ya majirani zako Waislamu watakuambia mate ya mbwa ni najisi, nao wanashika mafundisho yao. Lakini hukumu ya kuosha chombo haijawahi kuwa hukumu ya kutesa, na hao hao wanakijua kisa cha mtu aliyeshuka kisimani kumchotea maji mbwa mwenye kiu. Sheria ya nchi nayo iko upande huo: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama. Sikutajii ili uwatishe wenzako nayo. Mtu aliyetishwa atatupa sumu usiku.

Huruma hii pia haiishii mwaloni. Mwaka 1994 homa ya distempa, ugonjwa mwingine wa mbwa unaokingwa kwa chanjo, iliwafikia simba wa Serengeti na kuua karibu theluthi yao. Ugonjwa huo uliaminika kutoka kwa mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi. Mpaka wa hifadhi hiyo unafika karibu na ziwa letu, kwenye lango la Ndabaka, ambako mtu wa Mwanza hufika kwa basi asubuhi na kurudi jioni. Tangu hapo uchanjaji wa mbwa katika vijiji vile umekuwa kazi ya kuwalinda watu, mifugo na wanyamapori kwa pamoja.

Sasa niseme jambo gumu, ili usije ukadhani ninakuambia kwamba mbwa hapaswi kuuawa kamwe. Mbwa mwenye dalili za kichaa hatapona. Kumwacha azurure ni kuwakosea watu, na kumwacha afe kwa siku kadhaa za mateso ni kumkosea yeye. Kumwondolea uhai haraka na bila maumivu, kwa mkono wa mtaalamu, ndiyo huruma iliyobaki. Usijaribu wewe, wala vijana wenye marungu, kwa sababu mate hurukia macho na michubuko. Wazuieni watoto, fungeni milango, mpigieni simu ofisa mifugo na mwenyekiti, na mwangalieni kwa mbali alikoelekea.

Dalili za kumshuku ni mabadiliko ya tabia: mpole anayekuwa mkali, mkali anayekuwa mpole kupita kiasi, mbwa anayeng'ata vijiti na mawe, anayebweka kwa sauti iliyopasuka, anayetembea bila kujua aendako. Lakini ipo sura nyingine iliyo kimya, na hiyo ndiyo inayowadanganya watu wa ziwani. Taya la chini linalegea, mate yanatoka, mnyama anaonekana kama aliyekwamwa na kitu kooni. Mwaloni, ambako mifupa ya sangara imezagaa, mtu mwenye moyo mwema husema mfupa umemkwama, akaingiza vidole mdomoni ili amsaidie. Nakusihi wewe hasa, kwa sababu najua ndivyo ungefanya: usiingize mkono wako katika mdomo wa mbwa yeyote anayetokwa mate, hata akiwa jike wako. Ikiwa umekwisha kufanya hivyo, osha kwa sabuni na uende hospitali siku hiyohiyo, hata kama huoni jeraha.

Na watoto wa mwaloni wafundishwe haya machache, nyumbani na shuleni: wasimkaribie mbwa anayekula, anayelala au mwenye vitoto, wasimtupie mawe, mbwa akiwajia wasikimbie wala kupiga kelele, bali wasimame kama mti, mikono imeshikamana na mwili, macho chini, hadi aondoke. Waambieni pia, na hili ndilo wazazi husahau, kwamba hawatachapwa wakisema wameng'atwa. Watoto wengi huficha kwa sababu walikuwa wakimchokoza mbwa, na siri hiyo imewaua baadhi yao.

Nirudi kwa mtoto wa jirani yako. Akipata sindano ya kwanza, siku hiyo huhesabiwa kuwa siku ya sifuri, na nyingine hufuata siku ya 3, ya 7 na kuendelea kwa ratiba atakayopewa. Moja ikirukwa, warudi haraka kuuliza badala ya kukata tamaa. Waandike tarehe hizo kwa mkaa ukutani, mahali kila mmoja wa nyumba anapita. Na kama siku mojawapo itaangukia siku ambayo mama yake amekwenda sokoni na dagaa, mpeleke wewe.